«Observation» ao «observance»?

Wandugu, sisi wenye kusoma mu Kifaransa, Kiingereza kinatudanganya hapa. «Observer» ya Kifaransa ni kitendo: kuchunguza. Mu Kiingereza, «observer» ni mtu mwenye kuchunguza. Kitendo ni «observe». Halafu kitendo hicho kinazaa majina mbili. «Observation» ni kile ulichoona shambani: majani ya mahindi yametobolewa, viwavi wamejificha mu moyo wa mmea. «Observance» ni kushika sheria ao siku kuu, sawa vile kufunga. Mie niliandika «field observance» mu barua ya kuomba kazi. Aliyeisoma akaniuliza kama ninafungaka pamoja na mahindi. Na kupita mu shamba kutafuta wadudu, waagronomi wa Kiingereza wanaita «scouting». Neno hilo uliweke mu CV.