MLIMA NKUNGWE: JINSI YA KUJIPANGA UKITOKEA MPANDA

 

Kila ikitajwa habari ya kupanda mlima hapa Bongo, jina linalotoka midomoni ni Kilimanjaro. Sawa, ndio mrefu kuliko yote Afrika, mita 5,895, na makumi ya maelfu ya watu huukwea kila mwaka. Lakini ukiwa huku kwetu, ukijumlisha nauli ya kuvuka nchi nzima, ada, waongozaji na wapagazi, pesa ya mpunga wa msimu mzima inayeyuka. Na wakati huohuo tuna mlima jirani ambao vijana wengi wa Mpanda hawajawahi kuusikia. Unaitwa Nkungwe.

Mimi na wenzangu wanne tunajipanga kwenda kiangazi kijacho, na kila ninayemwambia ananiuliza maswali yaleyale. Kwa hiyo nimeona niyajibu hapa kwa pamoja.

UKO WAPI?

Nkungwe ni kilele kirefu kuliko vyote katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, mkoa wa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1985 na ina kilomita za mraba 1,613. Ndani hakuna barabara za kutalii kwa gari kama Katavi au Serengeti. Ukishafika ni miguu yako tu, ndiyo maana kumetulia.

Kabla haijawa hifadhi, milima hii ilikuwa ya Watongwe, ambao wengine ni majirani zetu huku wilaya ya Tanganyika. Wazee wao walikuwa wakiupanda Nkungwe kwenda kuomba kwa mizimu ya mlima. Kwa hiyo ukipanda, jua unapita mahali pa heshima, si uwanja wa kupigia picha na kupiga kelele.

NI MREFU KIASI GANI?

Mita 2,462. Msicheke jamani! Ziwa lenyewe liko kwenye mita kama 773 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ukianzia ufukweni unapanda karibu mita 1,700. Hapo unapita msitu mnene, miombo, mianzi, mpaka nyasi za juu kabisa.

Kuna nafuu moja kubwa. Ule ugonjwa wa mwinuko unaowatesa watu Kilimanjaro, kichwa kuuma na kutapika kwa sababu ya hewa nyepesi, kwa kawaida huanza kuwapata watu juu ya mita 2,500. Nkungwe inaishia chini kidogo ya hapo. Kitakachokusumbua ni mteremko mkali, joto la chini na baridi ya juu. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6, kwa hiyo kileleni kunaweza kuwa na baridi zaidi ya ufukweni kwa nyuzi 10 hivi. Bila sweta usiku utauona mrefu.

Wengi huchukua siku mbili hadi tatu kwenda na kurudi. Sisi tumepanga tatu, ili asiyekuwa na mbio asiburuzwe.

TWENDE LINI?

Kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Mvua zikianza njia zinateleza, vijito vinajaa na huko juu kunafunikwa na mawingu. Bahati nzuri kwetu sisi wa mpunga, kiangazi kinakuja baada ya mavuno, wakati mfukoni kuna chochote. Mwezi Agosti hadi Oktoba sokwe nao hupenda kushuka miteremko ya chini, kwa hiyo unaweza kuwaona bila kuwatafuta siku nzima.

NJIA

Mwamkulu mpaka Mpanda mjini hakuna shida. Kutoka Mpanda unapanda basi la Kigoma kupitia Uvinza, takribani kilomita 300. Kigoma mpaka Mahale ni karibu kilomita 130 kwa njia ya ziwa. Hapo kuna machaguo mawili makubwa: boti ya kukodi, ambayo ni ya haraka na bei yake si mchezo, au boti za mbao za abiria zinazopita vijijini, ambazo ni rahisi ila zinakula muda na haziendi kwa saa ya ukutani. Iko pia barabara ya vumbi ya Simbo, Ilagala mpaka Kalya inayoelekea upande huo. Hiyo ni ya kuulizia hali yake kabla hujaondoka.

Wengi wananitajia meli ya Liemba, ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913. Ni meli ya historia, lakini imekuwa na vipindi virefu vya kusimama kwa matengenezo. Usijenge ratiba yako juu yake mpaka upate jibu la bandarini.

Na ziwa lisidharauliwe. Upepo wa kiangazi ukivuma mawimbi yanakuwa makubwa kweli. Boti isiyo na majaketi okozi usipande, hata kama nauli ni nusu.

PESA

Kinachowatisha watu ni kiingilio. Ukweli ni kwamba Mtanzania analipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na mgeni anayelipa kwa dola. Beba kitambulisho. Malipo hufanywa kwa mfumo wa kielektroniki kwa namba ya kumbukumbu, si kushika noti mkononi, hivyo wasilianeni na TANAPA mapema, mpate na bei za siku hizo.

Gharama inayouma ni usafiri wa ziwani. Ndiyo maana kwenda peke yako ni hasara: boti ileile ambayo mtu mmoja angeilipia yote, watu sita kila mmoja analipa sehemu ya sita. Msizidi sita lakini, kwa sababu kundi la kuwaangalia sokwe mwisho ni wageni sita kwa mara moja.

Kulala, hifadhi ina mabanda yake yanayoitwa Mango Tree. Chakula unakuja nacho. Mlimani mnalala kwenye mahema, na lazima muwe na askari wa hifadhi mwenye silaha, maana kuna nyati, chui na hata simba. Gharama yake muiulizie hukohuko mwanzo.

MZIGO

- Viatu ulivyokwisha kuvizoea, si vipya vya dukani
- Sweta, koti la mvua na soksi za akiba
- Tochi na betri
- Vyombo vya maji, angalau lita tatu kwa mtu
- Mchele, dagaa, karanga, chumvi
- Chandarua, dawa zako na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini
- Barakoa

Mifuko ya plastiki acheni nyumbani, ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019. Mtandao wa simu pia msiutegemee. Aagwe mtu nyumbani, aambiwe tarehe ya kurudi.

KIKOHOZI

Hili nimeliweka mwisho kwa makusudi, someni vizuri.

Sokwe wa Mahale wamefuatiliwa na watafiti wa Kijapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto tangu mwaka 1965. Ni ndugu zetu wa karibu kimaumbile, na kwa sababu hiyo magonjwa yetu yanawapata. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliingia katika kundi la M, ndilo linalotembelewa na wageni, na sokwe kadhaa wakafa. Mafua yanayokulaza wewe siku mbili yanaweza kumuua mama sokwe na mtoto wake. Ndio sababu ya masharti: barakoa, umbali wa mita 10, saa moja tu, watoto chini ya miaka 12 hawaruhusiwi, na mgonjwa haendi.

Tatizo ni kwamba mtu aliyechanga pesa ya mpunga mwaka mzima, akishikwa na mafua Kigoma, atanyamaza. Mimi naelewa kabisa, ningeshawishika hivyohivyo. Kwa hiyo sisi watano tumekubaliana tuchange kidogo zaidi, iwe akiba. Atakayeumwa anabaki, na mchango wake anarudishiwa kutoka kwenye hiyo akiba. Hapo hakuna sababu ya kuficha kikohozi.

Mkijipanga kundi lenu, anzeni na hilo kabla hata ya kuuliza bei ya boti. Mwenye swali au aliyekwishafika kule, atumwagie uzoefu wake. Karibuni wadau.