Nyumba ya Kale ya Lamu Igawanywe kwa Ghorofa

Mwenye nyumba ya kale katika mji wa Lamu akishamaliza ukarabati, boriti zilizooza zikabadilishwa na kuta zikapakwa chokaa upya, hubaki na uamuzi mmoja mzito: aigawe vipi ili wageni wa siku chache waikodi? Ushauri anaopewa kwa wingi ni kuhesabu vyumba. Kila chumba kipewe mlango wake, choo chake na bafu lake, kisha kila kimoja kitangazwe peke yake kwenye intaneti. Ushauri huo unaiharibu nyumba na wala haumnufaishi mwenyewe kama anavyodhani. Nyumba ya namna hii igawanywe kwa ghorofa: kila ghorofa ichukuliwe na mgeni mmoja au familia moja, na vyumba vyake viachwe kama vilivyojengwa.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye ramani ya nyumba yenyewe. Kutoka kichochoroni unaingia dakani, penye mabaraza ya mawe pande mbili. Njia ya kuingia hukata kona ili mpita njia asione ndani. Kisha unafika kiwandani, uwanja ulio wazi juu ambao huleta mwanga na hewa, na mbele yake ipo misana miwili, yaani vyumba virefu, mmoja nyuma ya mwingine, halafu chumba cha faragha kiitwacho ndani, chenye zidaka ukutani. Hakuna ujia wa kando: kila chumba hufikiwa kwa kupita kilichokitangulia. Anayetaka kukodisha msana wa nyuma kwa mtu asiyemjua wa mbele hana budi kuvunja ukuta au kukata ujia ndani ya chumba. Na chumba chenyewe ni chembamba, kwa sababu upana wake hufuata urefu wa boriti ya mkoko, nao ni kama mita 2.5 hadi 3. Ondoa mita moja ya ujia, na kitanda cha watu wawili kikishawekwa hapana pa kupita.

Ushahidi wa pili ni maji. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa taratibu. Bafu jipya huja na vigae, vigae huja na saruji, na saruji huuziba unyevu ndani ya ukuta. Matokeo yake huonekana baada ya misimu michache: lipu inabambuka, chumvi inatokeza, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani vinaanza kuoza. Mafundi wa zamani walitenga pembe ya choo na birika, maji yakabaki upande mmoja. Ghorofa moja ikiwa na bafu moja au mawili kwenye pembe hiyohiyo, busara yao inahifadhiwa. Mabafu matano yaliyotawanywa ni mabomba matano yanayoweza kuvuja pasipoonekana.

Wapo watakaosema vyumba vitano huingiza pesa kuliko ghorofa mbili. Kwa usiku mmoja wa msimu wa juu, huenda ikawa kweli. Lakini hesabu ya biashara ni ya mwaka mzima. Chumba cha usiku mmoja kinadai shuka zifuliwe, pasafishwe na mtu asimame mlangoni kupokea mgeni kila siku, ilhali familia iliyochukua ghorofa yenye jiko hukaa zaidi na kujipikia. Masika yakiingia, mwezi wa Aprili na Mei, watalii hupungua. Chumba kisicho na jiko hakina mteja wakati huo, lakini ghorofa iliyokamilika inaweza kupangishwa kwa mwezi kwa mwalimu au daktari aliyehamishiwa Lamu. Na msafiri mwenye kipato kidogo hajasahauliwa: nyumba nyingi zina sabule, chumba kilichotengwa tangu awali kwa ajili ya mgeni. Hicho kikodishwe peke yake bila kuvunja chochote.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa warithi. Nyumba ikiwa ya ndugu sita, kila mmoja hutaka chumba anachoweza kukiita chake. Madai yao ni ya haki, ila haki hiyo hupatikana kwenye mapato. Fungu la mirathi ni sehemu ya thamani, na sehemu hiyo huweza kulipwa kwa shilingi kila mwezi kwa mkataba ulioandikwa na kutiwa saini kabla fundi hajaanza kazi. Ndugu wakipatana au wakiuziana mafungu baadaye, mkataba huandikwa upya. Ukuta wa matumbawe uliobomolewa haurudi ulivyokuwa.

Lamu iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na nyumba hizi ndizo zinazomvuta mgeni kuja. Basi mwenye nyumba, kabla hujamruhusu fundi kuinua nyundo, pata kibali kinachotakiwa, pima vyumba vyako kwa futi, kisha mwulize swali moja: hili tukilijutia, litarudishika? Akijibu halirudishiki, mwambie aliache.