Shirikisho na Mchezaji: Uendeshaji wa Mpira wa Kikapu Nchini Kenya

Mwezi wa Februari 2021, jijini Yaoundé nchini Kamerun, timu ya taifa ya Kenya iliilaza Angola kwa alama 74 kwa 73. Ushindi huo wa alama moja uliifungulia Kenya njia ya kushiriki fainali za ubingwa wa Afrika mjini Kigali, baada ya kuzikosa tangu mwaka wa 1993. Mashabiki walimsifu Tylor Ongwae, aliyefunga kikapu cha ushindi, na kocha Liz Mills. Ni wachache waliokikumbuka chombo kinachowafikisha wachezaji uwanjani.

Chombo hicho ni Shirikisho la Mpira wa Kikapu la Kenya. Neno 'shirikisho' latokana na kitenzi 'shirikisha', nalo ladokeza wajibu wenyewe: kuvishirikisha vilabu, waamuzi, makocha na wachezaji katika utaratibu mmoja. Kimataifa, mchezo huu husimamiwa na FIBA, iliyoasisiwa Geneva mwaka wa 1932, ambayo hulitambua shirikisho moja tu katika kila nchi.

Kwanza, shirikisho hulinda sheria za mchezo. Halizitungi: robo nne za dakika 10 na sekunde 24 za kushambulia zimewekwa na FIBA. Kazi yake ni kuwafunza waamuzi ili sheria hizo zifasiriwe kwa namna ile ile Mombasa, Nairobi na Kisumu.

Pili, huendesha ligi na kusajili vilabu na wachezaji. Mchezaji anayehamia klabu ya ng'ambo huhitaji hati ya idhini kutoka kwa shirikisho lake; bila hati hiyo, kipawa chake hakimfaidi. Tatu, huteua makocha wa timu za taifa, na kuziandikisha timu hizo mashindanoni.

Hata hivyo, shirikisho si milki ya viongozi wake. Sheria ya Michezo ya mwaka wa 2013 iliunda afisi ya Msajili wa Michezo, ambako mashirika ya michezo husajiliwa, pamoja na Baraza la Kusuluhisha Mizozo ya Michezo, ambako anayedai kudhulumiwa, kwa mfano katika uchaguzi, aweza kupeleka malalamiko yake.

Umuhimu wa taratibu hizi hudhihirika pale uongozi unapoingia doa. FIBA ina mamlaka ya kulisimamisha shirikisho linalokiuka kanuni zake, na timu za nchi hiyo zikafungiwa nje ya mashindano. Hapo kijana aliyefanya mazoezi alfajiri kwa miaka mingi huadhibiwa kwa kosa lisilo lake. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Kwa hivyo, anayeupenda mpira wa kikapu hana budi kuzitazama hesabu na chaguzi za shirikisho kwa makini yale yale anayoutazamia ubao wa alama.