Mapera, Betadine na bidoni la maji

Ukitaka kujua kama juisi uliyonunua soko la Birere, hapa Goma, bado ina vitamini C, huhitaji maabara. Nunua Betadine famasi, ile dawa ya iodini ya kusafishia vidonda. Koroga unga kidogo wa muhogo ndani ya kikombe cha maji, uchemshe, uache upoe, kisha dondoshea Betadine mpaka maji yageuke buluu iliyokoza. Sasa ongeza juisi tone kwa tone, ukihesabu. Mapera yaliyosagwa muda huohuo hufuta buluu kwa matone machache. Juisi iliyochemshwa jana hudai mengi zaidi. Tunda lina vitu vingine vinavyofuta iodini pia, kwa hiyo kipimo hiki hakitoi cheti, kinalinganisha tu. Na kikombe hicho ukimwage, si cha kunywa.

Kinachotokea kikombeni hakiko mbali na kinachotokea mwilini. Vitamini C, kwa jina la kikemia asidi askobiki, ni nyepesi kutoa elektroni zake. Huzipa iodini, na rangi inapotea. Mwilini huzipa chembe kali zinazotokana na oksijeni kabla hazijaharibu seli. Ndiyo maana huitwa antioksidanti. Lakini hewa nayo hudai fungu lake. Kisu kikipasua tunda, oksijeni inaingia, vimeng'enya vya tunda lenyewe vinaanza kazi, na vitamini inatumika kabla haijafika kinywani. Joto huharakisha, chembe za shaba na chuma vilevile. Daktari James Lind, aliyeponya mabaharia wenye kiseyeye kwa machungwa na malimau mwaka 1747, baadaye alishauri juisi ya matunda hayo ipashwe moto polepole hadi iwe nzito ili ikae melini. Ilikaa kweli, ila nguvu yake nyingi ilikuwa imekwenda na moto.

Kuitoa vitamini C kwenye tunda ikiwa safi kabisa kunawezekana. Albert Szent-Györgyi, kule Szeged nchini Hungaria, aliipata kwa wingi kutoka pilipili hoho miaka ya 1930, na mwaka 1937 akapewa Nobel. Ila tangu 1933 Tadeus Reichstein alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi ya kuitengeneza kutoka glukosi, na viwanda vikafuata njia hiyo. Kidonge cha rangi ya chungwa cha famasi kwa kawaida hakikupita kwenye chungwa lolote. Anayeota kiwanda cha unga wa vitamini C ya mapera ya Kivu hataishinda glukosi kwa bei. Biashara iko kwenye juisi na tunda lenyewe.

Na tunda tunalo. Gramu 100 za mapera huwa na zaidi ya miligramu 200 za vitamini C. Nanasi, kama yale ya kisiwa cha Idjwi yanayoshushwa bandari ya Kituku, lina karibu 48, maracuja karibu 30. Mtu mzima anahitaji 45 kwa siku kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani. Usidhani kiseyeye ni cha mabaharia wa zamani tu: mwaka 2017 na 2018 kiliwapata vijana wakimbizi wa Sudan Kusini katika kambi ya Kakuma, Kenya. Pera lioshwe, lisimenywe, maana ganda lina vitamini nyingi. Chujio liwe la plastiki au chuma kisichoshika kutu. Chupa ijazwe hadi shingoni isibaki hewa. Ukilazimika kuchemsha kwa ajili ya kuuza, moto uwe wa muda mfupi, chupa ifungwe, ipozwe mara moja.

Sasa maji, jambo ambalo wauza juisi wengi wa Goma hawalifikirii. Maji mengi ya kunywa hapa yanatoka Ziwa Kivu na kutiwa klorini ndani ya bidoni, kwa sababu ya kipindupindu. Klorini pia hupenda elektroni. Kila miligramu 1 yake huzimwa na miligramu 2.5 hivi za vitamini C. Bidoni la lita 20 lililotiwa miligramu 2 kwa lita lina klorini miligramu 40, na vitamini C miligramu 100 zinaimaliza yote. Hiyo iko ndani ya nusu ya pera la gramu 100. Anayeshindwa katika pambano hili ni mnywaji, kwa kuwa vijidudu vinabaki hai. Basi tia klorini kwanza, subiri nusu saa, ndipo uchanganye juisi, tena kwenye glasi yako, si kwenye bidoni la nyumba nzima.