Ukubwa wa Katanga, wa mwaka gani?

Vitabu vya jiografia tulivyosomea vilisema Katanga ina kilomita za mraba 496,877. Leo mwanafunzi wa Kambove anaambiwa kwamba Haut-Katanga, jimbo lake, lina 132,425. Ardhi haikuliwa na mchwa. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa majimbo manne, na ukijumlisha Haut-Katanga, Lualaba (121,308), Haut-Lomami (108,204) na Tanganyika (134,940) unarudi kwenye 496,877 ileile. Kwa mtu anayetaka kulinganisha ukubwa wa eneo miaka kwa miaka, hapo hakuna tatizo: unajumlisha vipande, basi.

Kazi ipo kwa miaka ya nyuma. Mwaka 1927 Ubelgiji ilihitaji kiwanja karibu na Matadi kwa ajili ya reli, na kiwanja hicho kilikuwa cha Wareno. Wakabadilishana: Ureno ikatoa kilomita za mraba 3 tu, Ubelgiji ikaipa Angola kipande cha Katanga upande wa Dilolo chenye takriban kilomita za mraba 3,500. Bila shaka wenyeji wa Dilolo wangeiita biashara hiyo jina jingine. Mwaka 1933 serikali ya kikoloni ikapanga upya majimbo, na wilaya ya Lomami, upande wa Kabinda, ikatolewa Katanga na kupewa jimbo la Lusambo. Kwa hiyo anayechukua takwimu ya mwaka 1910 na ya 2010 na kuzigawanya kwa idadi ya watu, huku akidhani anapima nchi moja, anajidanganya. Kubadili jina ni jambo jingine kabisa: Katanga ilipoitwa Shaba, haikuongezeka wala kupungua hata hekta moja.

Sasa tuseme mpaka umeshajulikana. Ndani yake unapimaje? Hakuna mtu aliyeizunguka Katanga yote na kamba. Wapimaji wa kikoloni walijenga mtandao wa pembetatu kutoka kilima hadi kilima, wakauanzia Tshinsenda, karibu na mpaka wa Zambia, na hesabu zao wakaziweka juu ya umbo la dunia lililokokotolewa na Mwingereza Clarke mwaka 1866. Mfumo huo unaitwa Katanga 1955. Setilaiti za leo zinatumia umbo jingine, WGS84, lililo tofauti kidogo. Chukua mipaka ya Haut-Katanga kwa digrii zilezile, ikokotoe juu ya maumbo yote mawili: majibu yatapishana kwa takriban kilomita 6 za mraba. Ndiyo maana ile 5 ya mwisho katika 132,425 siiamini sana.

Halafu kuna jambo la digrii zenyewe. Kipande cha digrii moja kwa digrii moja kwenye latitudo ya Kambove, karibu digrii 11 kusini mwa ikweta, kina kama kilomita za mraba 12,090. Ukikipeleka kaskazini hadi latitudo ya 5 kinafikia takriban 12,260, kwa sababu mistari ya longitudo hubanana kadiri unavyoiacha ikweta.

Tofauti hiyo ina uzito wa pesa. Sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2002 hugawa vibali kwa kare, vipande vya mraba vinavyofuata mistari ya latitudo na longitudo, na kila kare imehesabiwa kuwa hekta 84.955, iwe Ituri au Katanga. Lakini kare ya nusu dakika ya digrii kwa nusu dakika pale Kambove ni hekta 84 hivi. Kibali cha kare 100 kinapungukiwa karibu hekta 96, yaani zaidi ya kare nzima, ilhali ada ya ardhi ya kila mwaka hulipwa kwa kuhesabu kare. Sheria ilihitaji namba moja kwa nchi nzima, na hilo naliona la busara. Kosa ni kuichukua namba hiyo kana kwamba imepimwa shambani.

Mashimo ya shaba nayo huwachanganya watu. Kuta za shimo zina eneo kubwa kuliko mdomo wake, lakini ramani huhesabu mdomo tu, kama kivuli cha kitu jua likiwa utosini. Chimba utakavyo, Kambove haitaongezeka.

Maji je? Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilipoanza kazi mwaka 1930, ziwa Tshangalele lilifunika nchi iliyokuwa kavu. Eneo lote la Kambove halikubadilika. Nchi kavu ilipungua. Baadhi ya majedwali huhesabu maziwa, mengine huyatoa, na kwa Kongo nzima pengo hilo linazidi kilomita za mraba 77,000.

Kwa mkulima ambaye shamba lake limepakana na kibali, ushauri wangu ni huu. Ukiletewa karatasi, usitie sahihi kabla ya kuuliza koordinati zake zimetoka katika mfumo gani, kwa maana Katanga 1955 na WGS84 zinaweza kusogeza mpaka zaidi ya mita 100. Kisha uliza kama hekta zilizoandikwa zimepimwa kwenye mipaka halisi, au mtu amezidisha tu kare kwa 84.955.