Fahamu: Kwa nini Photoshop hudai diski imejaa

Umefungua picha moja tu ya harusi, na Photoshop inagoma: “scratch disks are full”. Picha yenyewe ni megabaiti 20. Kulikoni?

Programu hii hufanyia kazi kwenye RAM. RAM ikielemewa, mzigo humwagwa kwenye diski, ndani ya faili la muda. Kila tabaka unaloongeza, na kila hatua inayotunzwa ili uweze kurudi nyuma (kwa kawaida 50), hulinenepesha hadi gigabaiti kadhaa. Na usipochagua vinginevyo, diski inayotumika ni ileile yenye Windows.

Photoshop ikikataa hata kufunguka, shikilia Ctrl na Alt inapoanza (Mac: Cmd na Option), kisha uchague diski nyingine. Flashi achana nayo, inajikokota mno. SSD ya nje inafaa. Ikifunguka, Edit, Purge, All huachia nafasi, ila historia ya hatua zako hupotea.

Umeme ukikatika ghafla, mafaili hayo ya muda hubaki. Funga programu, ingia folda ya Temp, ufute yanayoanza na “Photoshop Temp”. Picha zako hazimo humo.