Maji Magumu ya Mferejini na Hasara Yake Nyumbani

Mtu atokaye shamba, aliyezoea kufua nguo zake kwa maji ya mvua, akifika mjini Unguja na kufungua mfereji hustaajabu sana. Maji ni maangavu, hayana harufu wala taka, lakini sabuni haitoi povu. Husugua, husugua tena, na juu ya maji hupanda utando wa kijivu wenye kunata. Nguo nyeupe ikikauka huwa na rangi ya majivu, tena hukakamaa. Mara nyingi lawama humwangukia dobi, ama mtoto aliyetumwa dukani, kwamba ameleta sabuni mbovu. Kumbe dobi hana kosa, wala sabuni haina kosa. Neno limo katika maji yenyewe.

Maji ya namna hii huitwa maji magumu. Wengine huyaita maji ya chumvi, lakini si vizuri kuchanganya mambo haya mawili, maana maji yaweza kuwa magumu sana na ulimi usionje chumvi hata kidogo. Ugumu wake watokana na madini mawili yaliyoyeyuka ndani yake, kalsiamu na magnesiamu. Na ya kwanza ndiyo iliyomo katika chokaa.

Asili yake si jambo la ajabu kwa mtu wa pwani. Sehemu kubwa ya kisiwa cha Unguja ni mawe ya matumbawe na miamba ya jamii ya chokaa, na wazee wetu tangu zamani wameyachoma mawe hayo katika tanuri ili kupata chokaa ya kujengea. Mvua inyeshapo haina madini hayo. Lakini ikipita hewani, na zaidi ikipenya udongo wenye mizizi na majani yaliyooza, huchukua hewa ya ukaa, na hapo maji hupata ukali kidogo. Ukali huo hauonekani wala hauonjeki, ila jiwe la chokaa haliuwezi. Hulika polepole, likayeyuka, likaenda na maji chini ya ardhi. Basi yule avutaye maji kutoka chemchemi au kisima cha mahali kama hapo huvuta na jiwe pamoja nayo.

Maji ya mifereji yalianza kuletwa mjini Unguja katika enzi ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Kabla ya hapo watu walitegemea visima vya mjini, na kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu. Kwa hiyo asidhani msomaji kwamba twaitukana mifereji. Ugumu wa maji ni hasara ya mfuko; uchafu wa maji ni hasara ya roho.

Na hasara hiyo ya mfuko yaweza kuhesabiwa. Wataalamu hupima ugumu kwa miligramu za chokaa katika kila lita moja. Maji yasiyofika 60 huitwa laini, na yale yapitayo 180 huitwa magumu sana. Tuseme maji ya nyumba fulani yana 300. Ndoo moja ya lita 20 itakuwa na gramu 6 za chokaa, na kabla sabuni haijafanya kazi yoyote katika nguo, hushikwa na chokaa hiyo na kugeuka kuwa ule utando wa kijivu. Gramu 6 hizo hula zaidi ya gramu 35 za sabuni. Mama afuaye kwa ndoo tatu hupoteza gramu 110 hivi za sabuni katika kufua kwa siku moja, asipate faida yoyote kwazo. Azidishe kwa majuma ya mwaka, ataona ni miche mingapi ya sabuni imekwenda na maji.

Hasara ya pili i katika birika. Maji yakichemka ile hewa ya ukaa hutoka, na chokaa iliyokuwa imeshikwa nayo hurudi kuwa jiwe, ikaganda ndani ya birika kama ukoko mweupe. Ukoko huo hauupishi moto vema, hivyo mkaa mwingi huteketea kwa chai ile ile. Na katika vyombo vya umeme chuma cha kuchemshia hupata joto kupita kiasi na kuungua mapema. Dawa yake ni rahisi: maji ya ndimu au siki hutiwa ndani, huachwa saa chache, na ukoko hutoa povu na kulegea. Kisha chombo huoshwa vizuri.

Hata maharagwe huchelewa kuiva katika maji haya, maana kalsiamu hukaza maganda yake.

Yafaa kujua kwamba ugumu ni wa namna mbili. Mmoja huondoka kwa kuchemshwa, kama tulivyoeleza. Wa pili hauondoki hata maji yakichemka mchana kutwa, nao hupatikana zaidi katika visima vya karibu na bahari, ambamo maji ya bahari huingia chini kwa chini yakileta magnesiamu. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili kwa chupa tatu zilizo sawa. Ya kwanza atie maji ya mvua, ya pili maji ya mferejini au ya kisima, ya tatu maji yale yale yaliyochemshwa kwa robo saa, yakapoa na kutulia, akamimina yale maangavu ya juu tu. Kila chupa atie matone kumi ya maji ya sabuni, kisha atikise. Chupa ya tatu ikitoa povu kama ya kwanza, ugumu ni ule uondokao kwa moto. Ikibaki kama ya pili, kuchemsha maji ya kufulia ni kupoteza kuni bure.

Kwa kufua, ugumu wa namna zote mbili huondolewa kwa magadi ya kufulia. Kwa ndoo ile ya mfano wetu gramu 6 au 7 za magadi makavu zatosha, nayo hutiwa kwanza, maji yakaachwa kidogo, ndipo sabuni ifuate. Gramu 7 za magadi mahali pa gramu 35 za sabuni: mwenye nyumba na afanye hesabu. Lakini yasitumiwe kwa nguo za sufu au hariri, wala katika sufuria za alumini, maana huziharibu.

Hapa yatupasa kuonya kwa nguvu. Watu wengine, wakiona maharagwe hayaivi, hutia magadi chunguni. Magadi yachimbwayo katika maziwa ya bonde la ufa mara nyingi huwa na floridi, madini yatiayo meno ya watoto madoa ya hudhurungi na, yakizidi miaka mingi, hupinda mifupa. Tena kuna maji ya pande za Meru na Kilimanjaro ambayo ni laini, hutoa povu zuri, na floridi imejaa ndani yake. Kwa hiyo povu si ushahidi wa usalama. Kinyume chake, ugumu wenyewe haujaonekana kuwa sumu. Mwili wahitaji kalsiamu na magnesiamu, na mnywaji wa maji magumu hana haja ya kuogopa.

Kwa mji mzima iko njia aliyoipatia hati Thomas Clark, mwalimu wa kemia wa Aberdeen, mwaka 1841: kutia chokaa katika maji ili kuondoa chokaa. Msomaji atacheka, lakini ndivyo ilivyo, kwani chokaa mpya huinyang'anya maji ile hewa ya ukaa, na zote mbili huzama chini. Kazi hii yataka vipimo na mabirika makubwa ya kutulizia maji. Asijaribu mtu nyumbani kwake.

Kwake yeye lililo jepesi ni bati na mfereji wa ukingoni. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi aiache ioshe paa, ya pili aikinge katika pipa lenye kifuniko barabara, mbu wasipate kuzalia, na maji hayo ayaweke kwa kufulia na kwa birika la chai. Akitaka kuyanywa, ayachemshe kwanza.